Kumiliki na Kukodi: Majarida ya Kielektroniki katika Maktaba ya Chuo Kikuu
Jarida la karatasi likishanunuliwa hubaki rafuni hata ada ya mwaka ikikoma kulipwa. La kielektroniki aghalabu hukodiwa tu. Tofauti hiyo ilidhihirika Januari 2011, wachapishaji kadhaa walipowafungia wasomaji wa Bangladesh majarida yao katika mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Yalirejeshwa baada ya malalamiko. Lakini kwa muda huo maktaba iliyoutegemea mpango huo pekee haikuwa na nakala ya kumpa msomaji. Kwa hiyo kazi ya mkutubi huanzia katika mkataba: je, matoleo yaliyokwisha kulipiwa yataendelea kusomeka? Mfumo wa LOCKSS, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, huziwezesha maktaba kuhifadhi nakala zao zenyewe, ila kwa idhini ya mchapishaji.