Wito wa Mkristo: Mkono Utangulie Mdomo



Leo tunasoma juu ya wito wa Mkristo. Somo hili ni la Wakristo, lakini wenzetu Waislamu nao wasome. Habari tutakazosimulia zimetokea kwenye pwani yetu sote. Tena somo lenyewe linahusu ujirani, na ujirani hauna dini.

WITO NI NINI?

Neno "wito" limetokana na "kuita". Mtu akiitwa, anaitika, halafu anakwenda kusikiliza ametakiwa afanye nini.

Mkristo ameitwa kufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuwatumikia watu. Ya pili ni kuwashirikisha watu imani yake. Zote mbili zimo katika Injili. Fungua Mathayo sura ya 25, kuanzia mstari wa 31. Utakuta habari za wenye njaa, wageni, wagonjwa na wafungwa. Anayewasaidia hao amemsaidia Yesu mwenyewe. Kisha fungua mistari ya mwisho ya sura ya 28. Utakuta wanafunzi wanatumwa kwa mataifa yote.

Sasa mtu atasema: "Hayo ni ya padre na mchungaji. Mimi mlima mihogo nina nini?" Sivyo, ndugu. Soma Luka sura ya 10, kuanzia mstari wa 25. Mtu alipigwa na wanyang'anyi, akaachwa njiani. Kuhani alipita kando. Mlawi naye alipita kando. Hao ndio waliokuwa na kazi ya dini! Aliyesimama ni Msamaria, msafiri tu, tena mtu wa kabila lililodharauliwa. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Hakumwuliza kwanza, "Wewe ni wa dini gani?"

Basi wito ni wa kila mtu. Lakini kazi ipi itangulie, ya mkono au ya mdomo? Tutazame mambo yaliyotokea karibu na sisi.

BAGAMOYO

Bagamoyo wengi tunaifahamu. Zamani misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Ujiji na Tabora, ikafika hapo ufukweni. Watu wakapakiwa majahazini, wakapelekwa Zanzibar kuuzwa.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walijenga misheni nje kidogo ya mji. Walitoa fedha wakakomboa watumwa, wengi wao watoto. Waliwajengea kijiji. Walifungua shule, karakana na mashamba, wakatibu wagonjwa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilibomoa majengo yao. Hawakuondoka. Walijenga upya.

Tuseme kweli yote, maana somo si sifa tupu. Waliokombolewa waliishi chini ya amri kali za misheni. Watoto wale hawakuulizwa wanataka dini gani, wala hawakuwa na pa kwenda. Baadhi ya watu walitoroka. Kwa hiyo hata kazi njema inaweza kuwa na kasoro pale anayesaidiwa hana nafasi ya kukataa.

Hata hivyo, watu wa mji waliwaona mapadre hawa kwa miaka 20. Waliona wakizika, wakitibu, wakilima. Mji wenyewe ulibaki wa Kiislamu, lakini misheni ikawa jirani.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitawala pwani. Wananchi walikataa. Vita vikazuka, vikiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ikawa uwanja wa vita. Basi watu wakakimbilia wapi? Maelfu walikimbilia misheni, na wengi wao hawakuwa Wakristo. Misheni iliwapokea, na haikushambuliwa.

PUGU

Sasa twende Pugu, kwenye njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kisarawe. Hapo walifika wamisionari wengine, Wabenediktini kutoka Ujerumani, mwaka uleule wa 1888. Walikuwa na nia ya kufanya kazi njema. Lakini walikuwa wageni, hawajatimiza hata mwaka mmoja. Tena walifika wakati uleule Kampuni ya Kijerumani inatwaa nchi. Mwananchi angewatofautishaje? Lugha moja, nchi moja, wakati mmoja.

Mwezi Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa. Wamisionari watatu waliuawa, mmoja wao mtawa wa kike. Wengine walitekwa.

Hatusemi kwamba kuua ni haki. Hasha! Wala hatusemi kuwa watu wa Pugu walikuwa wabaya kuliko wa Bagamoyo. Tunasema hivi: vita ni vilevile, pwani ni ileile, Bagamoyo mlango wa misheni ukawa kimbilio, Pugu ukavunjwa. Zipo sababu nyingi, lakini moja tunaiona wazi. Bagamoyo mkono ulikuwa umetangulia miaka 20. Pugu mkono ulikuwa haujapata muda wa kuonekana, na watu waliona bunduki ya mtawala nyuma ya msalaba.

Wabenediktini walirudi baadaye. Leo watu wa kusini wanazijua hospitali za Ndanda na Peramiho, ambazo asili yake ni misheni za shirika hilo. Anayelazwa pale huulizwa anaumwa wapi.

CHITANGALI

Msidhani kazi hii ilifanywa na Wazungu peke yao. Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, akafika Zanzibar. Huko alipata uhuru wake, akasomeshwa katika shule ya Kiungani, ya misheni ya Kiingereza ya UMCA.

Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, upande wa Masasi na Newala, katika nchi ya Wayao wenzake. Hakukuwa na Mzungu wa kukaa naye. Alifundisha watoto na wakubwa, akaishi na watu, akajibu maswali yao kwa lugha yao. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo.

Fikirini, ndugu. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi alijifunza kusoma. Alipokwisha kujua hakukaa na elimu yake Zanzibar. Aliirudisha kwa watu. Sisi wahitimu wa kisomo habari hii inatugusa hasa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, msaada usiwe chambo. Ukimpa jirani debe la mahindi, kisha ukamwambia, "Jumapili nikuone kanisani," hujatoa. Umenunua. Akija, atakuja kwa ajili ya mahindi. Mahindi yakiisha, naye amekwisha. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi toa, unyamaze.

Pili, imani haishurutishwi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, na kutangaza dini ni jambo la hiari. Kwa hiyo Mkristo ana haki ya kusema imani yake, na jirani ana haki ya kusema, "Ahsante, mimi nina yangu." Akisema hivyo, kesho mkutane kisimani kama jana. Kukashifu dini ya mwenzako si kuhubiri, ni kutafuta ugomvi.

Tatu, mdomo nao una zamu yake. Wapo wanaosema, "Mimi nitafanya mema tu, sisemi kitu." Lakini jirani akikuuliza, "Mbona unahangaika na mgonjwa asiye ndugu yako?" utanyamaza? Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, unatufundisha tuwe tayari kumjibu anayeuliza, tena kwa upole. Mkono ndio huleta swali. Mdomo hutoa jibu. Ukijibu kabla hujaulizwa, watu husikia kelele tu.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Hatuna fedha za misheni. Tuna mikono, na sasa tuna kusoma. Haya yanawezekana wiki hii:

1. Bibi jirani ameletewa ujumbe kwenye simu, hajui kusoma. Msomee kama ulivyo. Usipunguze, usiongeze, wala usitangaze mambo yake mtaani.

2. Mgonjwa ametoka zahanati na dawa. Msomee: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Jambo dogo hili laweza kuokoa maisha.

3. Mzee anatakiwa kutia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba. Msomee yote, hata herufi ndogo. Kama hukuelewa neno, mwambie asitie dole mpaka aulizwe anayejua. Huku kwetu viwanja vinauzwa kila siku, na mzee asiyesoma anaweza kupoteza minazi ya babu yake kwa asubuhi moja.

4. Kuna msiba. Nenda na jembe, nenda na maji. Usiulize kwanza kama ni msiba wa kanisani au wa msikitini.

5. Wapo ambao hawajajua kusoma. Mfundishe mmoja. Kwa Mkristo, hapa ndipo kazi zake mbili zinapokutana: umemtumikia mtu, na umemwezesha ajisomee mwenyewe atakacho na kuamua mwenyewe.

Mambo haya hayahitaji kibali cha mtu. Anza na mlango wa karibu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kukomboa: kumtoa mtu utumwani au kifungoni.
Karakana: mahali pa kufanyia kazi za ufundi, kama useremala.
Kushurutisha: kumlazimisha mtu.
Chambo: kitu cha kunasia samaki, pia hila ya kumnasa mtu.
Kukashifu: kusema maneno ya kudharau au kuaibisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mkristo ameitwa kufanya kazi gani mbili?
2. Kwa nini maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Bagamoyo wakati wa vita?
3. Ni kasoro gani iliyokuwapo Bagamoyo? Je, sisi tunaweza kuifanya leo? Kwa namna gani?
4. Jirani wa dini nyingine amekuja kukusaidia kuvuna. Je, utapokea? Na wewe utamsaidia vipi bila kumfanya aone ana deni?
5. Taja mtu mmoja karibu na nyumba yako anayehitaji mkono wako wiki hii. Usiandike jina lake. Nenda kwake.

Kwaherini, ndugu. Someni kwa sauti nyumbani, ili na wasiojua kusoma wapate kusikia.