Anayejua Kufunga Waya Ameshaanza Kusoma Mitambo Inayojiendesha

Maji ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, husukumwa na pampu hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Kwa wakazi wa Jilore na Langobaya, mitambo hiyo ni jirani. Pampu ikisimama, mitungi hurudi mtoni, na kila mtu huku anajua mamba wa Sabaki.

Ni nani huiambia pampu iwake tangi linapopungua, na izime linapojaa? Zamani alikuwa mlinzi mwenye swichi, akiamka usiku. Siku hizi, katika mitambo mingi ya maji, chumvi, saruji na mabati, kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo ngumu iitwayo PLC, yaani kidhibiti kinachopangiwa kazi. Vijana wengi hudhani kifaa hicho ni cha wenye digrii za kompyuta pekee. Historia yake inasema vingine.

Mwaka 1968, kampuni ya magari ya General Motors nchini Marekani ilikuwa imechoshwa na makabati yaliyojaa rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mashine moja ilihitaji nyingi, na gari la muundo mpya lilipoanza kuundwa, mafundi waling'oa waya na kuzifunga upya. Kupata rilei moja iliyokwama kati ya mamia kungeweza kula siku nzima.

Mhandisi Dick Morley, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa amesoma fizikia katika chuo cha MIT na kuondoka bila shahada. Yeye na wenzake wa kampuni ndogo ya Bedford Associates waliunda kidhibiti kilichoitwa 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wao wa 84. Hakikuwa na feni wala swichi ya kuzimia. Kilitengenezwa kivumilie joto, vumbi na mtikisiko wa kiwanda, mambo ambayo fundi wa Pwani anayafahamu vizuri. Kampuni ya Modicon ilianzishwa kukiuza.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa lugha yake. Kidhibiti hicho kilipangiwa kazi kwa mchoro unaofanana na ngazi, uleule ambao mafundi wa umeme walikuwa wakiusoma kila siku kwenye makabati ya rilei. Nguzo mbili ni njia za umeme. Kila kidato ni sharti: swichi hii ikifunga na ile isifungue, mota iwake. Fundi hakulazimika kuwa mtaalamu wa kompyuta ndipo aelewe. Mchoro huo unatumika hadi leo.

Chukua tangi la kijiji. Kidato cha kwanza: boya la chini likionyesha maji yamepungua, washa pampu. Boya la juu likiguswa, zima. Cha pili: kisima kikikauka, zima mara moja, kwa sababu pampu nyingi za kisimani hupozwa na maji yenyewe. Cha tatu ndicho kinachookoa pesa nyingi: laini moja kati ya tatu za stima ikipotea, mota isiendelee kunguruma hadi iungue. Mwenye kamati ya maji iliyowahi kununua mota mpya atakielewa kidato hiki bila mwalimu.

Ndiyo maana njia huanzia chini. Kijana anaweza kuanza na kozi ya umeme katika chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti, kisha afanye mtihani wa NITA wa Daraja la III, la II, hatimaye la I. Hata aliyejifunzia kazini kwa fundi anaweza kuufanya. Kwa kufunga umeme kisheria anahitaji leseni ya EPRA. Mwenye matokeo ya KCSE anaweza kuomba nafasi katika vyuo vya kitaifa vya kiufundi kupitia KUCCPS, na mkopo kupitia HELB.

Kabla ya kulipa karo, mzazi aulize chuoni swali moja: je, wanafunzi hufunga mota ya laini tatu kwa mikono yao, au huichora ubaoni tu?