Somo la Biolojia: Neroni Mpya Inapata Nafasi Yake Namna Gani?



Siku moja mwalimu wetu wa biolojia aliuliza: "Banafunzi, ubongo wa mukubwa unaweza kuzaa neroni ya mupya?" Darasa la sita lote tulijibu: hapana. Kumbe, juu ya wanyama wengi, tulikosa.

Mwaka 1965 Joseph Altman na Gopal Das walieleza kwamba katika ubongo wa panya kuna neroni zinazozaliwa kisha panya mwenyewe kuzaliwa. Ziko katika hipokampo, sehemu inayosaidia kukumbuka njia na mambo mapya. Hata popo wakubwa wanaokula maembe yetu tusiwasahau: mwaka 2010 wachunguzi wa Nairobi na Zürich waliandika juu ya neroni changa katika hipokampo ya popo mmoja wa kula matunda.

Lakini kuzaliwa ni jambo moja, na kupokelewa ni jambo lingine. Tuangalie hatua zake kwa panya mdogo:

1. Kufa au kuishi. Katika majuma ya kwanza, neroni changa nyingi zinakufa.

2. Kusikia. Habari ya kwanza inafika kwa njia ya GABA. Kwa neroni nzee GABA inanyamazisha. Kwa ile changa inaamsha, inaisaidia kukomaa.

3. Kuunganika. Karibu na juma la tatu neroni inaotesha miiba midogo ya kupokea habari. Haitafuti mahali patupu. Mara nyingi mwiba unagusa ncha ambayo inazungumza tayari na neroni nzee. Inaingia kwanza katika mazungumzo ya wengine.

4. Kuzoea. Kati ya juma la nne na la sita inabadilika kwa wepesi kuliko nzee. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya waliowekwa mahali penye vitu vingi vya kuchezea na kuchunguza walikuwa na neroni mpya nyingi zaidi zilizobaki hai.

Na mwanadamu? Mwaka 1998 neroni mpya zilionekana katika hipokampo ya watu wazima. Mwaka 2018 wachunguzi wengine walitafuta, wasione kitu. Mwaka 2019 wengine tena waliona maelfu. Mabishano hayajaisha.

Sasa niungame jambo. Mwaka uliopita kijana mmoja alitufikia kutoka Kolwezi, katikati ya mwaka. Mimi, kapita wenu, nilimpa benchi ya nyuma, peke yake, nikadhani kazi yangu imekwisha. Kisha majuma matatu alirudi kwao. Siku ya kufunga sanduku aliniambia: "Kapita, hakuna mutu alinisemesha."

Ubongo si darasa, najua. Lakini tangu somo hili nimeelewa kosa langu: nilimpa mahali patupu. Jumatatu wapya wawili watafika. Kila mmoja atakaa katikati ya benchi yenye watu, na majuma ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana.

Maulizo:
1. GABA inafanya nini kwa neroni changa? Na kwa nzee?
2. Mwiba mpya unagusa wapi kwanza?
3. Jumatatu, wewe utamsemesha nani?

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita