SOMO LA ROBO HII: MFUMO WA TAARIFA UANZE NA ANAYEUTUMIA

Ndugu wasomaji, kamati zetu huombwa takwimu mara kwa mara. Je, takwimu hizo humsaidia nani? Tujifunze kwa majirani zetu wa Ulanga, ng'ambo ya Mto Kilombero.

Tatizo lilikuwa hili: zahanati ikiishiwa dawa ya malaria, ofisi ya wilaya haikupata habari mapema. Mama aliyemleta mtoto mwenye homa alirudi mikono mitupu, hata kama kituo cha jirani kilikuwa na akiba.

Mwaka 2009 hadi 2010, mpango ulioitwa SMS for Life ulijaribiwa kwa wiki 21 katika vituo 129 vya wilaya za Ulanga, Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini. Mhudumu hakuletewa kompyuta. Alitumia simu yake ya mkononi. Kila wiki alipokea ujumbe, akajibu bila malipo kwa kutaja akiba ya vitu vitano tu: paketi za aina nne za dawa mseto, na kwinini ya sindano. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Viongozi wa wilaya waliona hesabu ya kila kituo, wakajua wapi pa kupeleka dawa.

Matokeo: kwa wastani taarifa zilipatikana kwa asilimia 95. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26. Lindi Vijijini upungufu uliisha kufikia wiki ya 8.

Mafundisho:
1. Uliza machache, yale tu yatakayofanyiwa uamuzi.
2. Tumia chombo ambacho mtumaji anacho na anakifahamu.
3. Gharama ya taarifa isimwangukie anayeituma.
4. Taarifa haibebi dawa. Ile asilimia 26 iliyobaki yatukumbusha kwamba ujumbe bila dawa ghalani na usafiri hautibu mtu.

Wafadhili wetu wapendwa, fomu ndefu si lazima iwe taarifa bora. Kabla ya kuongeza swali, tumwulize atakayelijibu.

Maswali ya kujadili katika kamati:
(a) Ni taarifa gani tunazotuma ambazo hazijawahi kuleta uamuzi wowote?
(b) Anayezikusanya anafaidika nini?
(c) Tukipata habari ya upungufu leo, nani atachukua hatua, na kwa usafiri gani?