Mikono ikikauka: fundisho juu ya basketi

Ndugu wanafunzi, pete ya basketi iko juu metri 3,05, haihamake. Basi, juu ya nini kijana anaingiza mipira akiwa peke yake, na anakosa yote antrenere akisimama pembeni?

Mukono ulishazoea kazi yake. Lakini mwalimu akilia juu ya kila kosa, muchezaji anaanza kujiangalia mwenyewe: kiwiko, magoti, vidole. Mikono inakauka, mupira haufiki. Kisha anajificha nyuma ya wenzake, hata pasi haombi tena.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987. Antrenere wake, John Thompson, alijulikana kwa ukali. Mwaka wa kwanza Mutombo hakucheza katika timu. Mwaka 1991 Denver ilimuchagua, wa 4 kati ya wote. Sisemi ukali ndio dawa. Wengi waliacha mchezo sababu yake.

Wewe unayeogopa, anza tena karibu na pete, mipira kumi, kisha rudi hatua moja nyuma. Na kisha mazoezi, mbele ya wenzako hapana, umuendee: «Mwalimu, kesho unirekebishe kitu kimoja tu.» Nanyi waalimu, mukubali kile kimoja.