Niliyojifunza kwa Teresa Perales, Muogeleaji Aliyeingia Bungeni

Kwa miaka mingi nilirusha tufe na kisahani nikiwa nimeketi. Siku hizi ni mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu katika kata yetu hapa Dar es Salaam. Watu huniuliza ni nani aliyenitia moyo kutoka uwanjani nikakae kwenye vikao. Jibu langu ni mwanamke ambaye sijawahi kuonana naye: Teresa Perales wa Zaragoza, Hispania. Ana medali 28 za Paralimpiki, na amewahi kuwa mbunge katika bunge la jimbo lake la Aragón.

1. Ulemavu humkuta mtu akiwa na mipango mingine

Perales alizaliwa mwaka 1975 na akakua akitembea. Alipofikisha miaka 19, ugonjwa wa neva ukamwondolea nguvu za miguu. Mashindano ya kuogelea yalikuja baada ya hapo. Mwaka 2000 alikuwa kwenye Paralimpiki ya Sydney, akarudi nyumbani na medali 5.

Kwenye kamati tunapokea vijana waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda. Wengi wao wana umri ule ule. Ndugu zao huwa wanataka tuzungumzie dawa na nauli ya kliniki, na hayo tunayazungumza. Lakini kabla kijana hajaondoka namwuliza swali moja: ungependa kujifunza kitu gani ambacho hukukijua kabla ya ajali? Wapo wanaokaa kimya. Yupo aliyesema anataka kujifunza kushona, na leo anashona.

2. Mwili hubadilika, na hesabu hubadilika nao

Katika kuogelea, wenye ulemavu wa viungo hupangwa kuanzia daraja S1 hadi S10. Namba ikiwa ndogo, ulemavu ni mkubwa zaidi. Perales alijulikana kama muogeleaji wa S5. Kisha bega lake la kushoto likaumia vibaya kabla ya michezo ya Tokyo. Hata hivyo alipata fedha huko, katika mita 50 za chali. Mjini Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 48, aliogelea mbio hizo hizo katika daraja S2 na kupata shaba.

Mimi naithamini shaba ile kuliko dhahabu zake zote 7. Sisi wanamichezo tunaogopa sana kupimwa upya, kana kwamba daktari anatupunguzia utu. Yeye alipimwa, akakubali, akarudi majini.

3. Kazi yenyewe iko kwenye mafaili

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo aliponifundisha zaidi.

Bunge la Aragón hukutana katika Aljafería, kasri lililojengwa karne ya 11 na watawala Waislamu wa Zaragoza. Perales aliingia humo kwa tiketi ya Partido Aragonés, chama cha jimbo hilo, si kimojawapo cha vyama vikubwa vya taifa. Pia aliongoza idara ya serikali ya jimbo inayowashughulikia watu wasioweza kujihudumia bila msaada wa mtu mwingine.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, ijue sheria yenyewe. Desemba 2006 Hispania ilipitisha sheria inayompa raia haki ya kutunzwa pale anapowategemea wengine kuoga, kula au kuvaa. Mtaalamu humpima mwombaji na kumweka katika moja ya madaraja 3. Daraja hilo ndilo linaloamua atapata nini: msaidizi wa kuja nyumbani, nafasi katika kituo cha kutwa au makao ya kulelea, kifaa cha kuitia msaada kwa simu, au posho kwa ndugu anayemtunza. Gharama hugawanywa kati ya serikali kuu na majimbo, lakini fomu inapokelewa jimboni, na familia inasubiri majibu kutoka jimboni. Humo hakuna wa kukupigia makofi. Kuna foleni, bajeti, na mama anayepiga simu kuuliza ombi la mwanawe limefikia wapi.

Mwanamke ambaye angeweza kuishi kwa hotuba na picha za medali alikubali kukalia kiti cha namna hiyo. Niliposoma habari hizo nilijua ninataka kushika jambo gani kwenye kamati. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Basi nikaomba nipewe hilo. Nakaa na vikundi tukisoma fomu mstari kwa mstari. Asiyeona anasomewa, asiyejua kuandika anaandikiwa mbele ya mashahidi, na katiba ya kikundi inarekebishwa kabla haijarudishwa na ofisa. Inachosha, na ninaipenda.

4. Sifa zitumike zingali moto

London 2012 Perales alibeba bendera ya Hispania, na alipomaliza alikuwa na medali 22, sawa na alizokuwa nazo muogeleaji wa Olimpiki Michael Phelps wakati huo. Magazeti yaliushikilia ulinganisho huo. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Michezo ya Binti Mfalme wa Asturias. Mwanamichezo mwenye ulemavu asikilizwapo hivyo, na aseme mambo ya wenzake siku hiyo hiyo.

5. Mmoja hatoshi

Hili naliona kwa Wahispania wenyewe. Mwaka 2013 Ángela Bachiller, mwenye hali ya Down, aliingia katika baraza la jiji la Valladolid kama diwani. Mwaka 2015 Pablo Echenique, mwanafizikia anayetumia kiti mwendo cha umeme, naye alikuwa mbunge katika Aljafería ile ile. Mwaka 2018 sheria ikawarudishia haki ya kupiga kura watu wapatao 100,000 wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2023 Mar Galcerán, naye mwenye hali ya Down, akaingia katika bunge la jimbo la Valencia. Vyama vyao si kimoja, na sidhani wanakubaliana katika mambo mengi. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu pia: tuwe wengi kiasi cha kuweza kubishana sisi kwa sisi ndani ya ukumbi.

Kwa sasa ninaongozana na binti mmoja kiziwi kwenye mikutano ya mtaa, kwa kuwa anataka kugombea ujumbe wa serikali ya mtaa. Tumeahidiwa malipo ya mkalimani wa lugha ya alama kwa baadhi ya vikao. Tunadai vyote.