MLIMA MKAVU WENYE MAJI NDANI YAKE

Sisi tukaao katika nchi ya juu ya Kasulu na Kibondo tumezoea milima ya namna moja: vilima vya mviringo vyenye majani, mabonde yenye chemchemi, na misitu ya miombo iteremkayo mpaka kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi na Malagarasi. Mvua hutunyeshea tangu Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, na kwa mwaka mmoja hufikia kadiri ya milimita 1,000. Kwa hiyo ni vigumu kwetu kuwaza mlima mkubwa ambao juu yake mtu aweza kutembea kutwa nzima asione kijito, na huku chini yake miji mizima yanywa maji ya mlima huo huo. Mlima wa namna hiyo uko Oman, katika Bara Arabu, nao huitwa Jabal Akhdar, maana yake Mlima wa Kijani.

Nimeuchagua mlima huu kwa sababu tatu. Kwanza, mwamba wake ni jiwe la chokaa, na mawe ya chokaa yako Buha pia, kama wajuavyo watu wa Makere. Pili, watu wakaao chini yake si wageni kwetu. Katika karne ya 19 wafanya biashara waliotoka Oman walifika Ujiji kwa njia ya Tabora na Uvinza, wakivuka mto wa Malagarasi. Jamaa nyingi za nchi ya Nizwa na Bahla zilihamia Afrika ya Mashariki, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa tangu 1970, wengi walirudi Oman; hata leo Kiswahili chasikika katika nyumba nyingi za huko. Tatu, jinsi watu wale wanavyotunza maji machache ni fundisho kwa sisi wenye maji mengi.

MAHALI ULIPO NA UMBO LAKE

Jabal Akhdar ni sehemu ya kati ya milima ya Hajar, ambayo imejipinda kama upinde kando ya pwani ya Oman kwa urefu wa kadiri ya kilomita 700. Kilele chake kikubwa, Jabal Shams, yaani Mlima wa Jua, kina urefu wa kadiri ya mita 3,000 juu ya bahari. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, waupita karibu mara mbili. Lakini vilima vyetu vya Kasulu na Kibondo ni vifupi kuliko huo. Juu ya mlima kuna uwanda uitwao Saiq, kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari. Kando ya Jabal Shams kuna korongo lenye kina cha kadiri ya mita 1,000, na kuta zake zimesimama kama zilizokatwa kwa kisu.

Chini, katika Nizwa, joto la kiangazi hupita digrii 40. Juu, Saiq, hewa ni baridi, na usiku wa Januari maji huweza kuganda. Mvua ya Saiq kwa mwaka mzima ni kadiri ya theluthi moja tu ya mvua yetu, tena si ya kutegemea: mwaka mmoja hunyesha, mwaka mwingine hukosa.

JINSI JIWE LA CHOKAA LINAVYOKUNYWA MAJI

Kwa nini mlima ule ni mkavu juu na una maji chini? Jibu limo ndani ya jiwe lenyewe. Zamani sana, miaka milioni 100 na zaidi iliyopita, mahali pale palikuwa chini ya bahari. Viumbe wa baharini walipokufa, makombe yao na tope la chokaa vilishuka chini, tabaka juu ya tabaka, vikagandamana na kuwa jiwe. Baadaye nguvu za ardhi zililiinua jiwe lile mpaka likawa mlima. Ndiyo maana mchungaji wa Jabal Akhdar aweza kuona alama za makombe ya bahari katika jiwe, hali bahari iko mbali naye. Mawe yetu ya chokaa ya Buha ni ya zamani kuliko hayo. Yalifanyika kabla ya kuwako wanyama wenye makombe, kwa hiyo mtu asitafute alama hizo ndani yake.

Mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na kutoka katika udongo, nayo hugeuka kuwa chachu kidogo. Maji haya machachu hula jiwe la chokaa polepole. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili na achukue ganda la yai, ambalo nalo ni chokaa, alitie katika siki usiku kucha. Kwanza wataona mapovu madogo, na asubuhi ganda litakuwa laini, au limekwisha kuyeyuka. Hivyo ndivyo mvua ifanyavyo juu ya mlima, ila kazi yake huchukua maelfu na maelfu ya miaka. Nyufa ndogo huwa mianya, mianya huwa mashimo, na mashimo huwa mapango.

Basi mvua ikinyesha juu ya Jabal Akhdar, sehemu ikaukayo hukauka, na sehemu nyingine huingia katika nyufa mara moja, isibaki juu. Hushuka ndani ya mlima mpaka ikutane na mwamba usiopenyeka, ndipo hutafuta njia na kutokea chini kama chemchemi. Mlima wa chokaa ni kama ghala la maji lisilo na mlango juu. Mlango wake uko chini. Ajaye juu akaona mawe matupu husema, “Hapa hakuna kitu,” kumbe anakanyaga dari ya ghala.

Karibu na mji wa Al Hamra liko pango liitwalo Al Hoota, lenye urefu wa kilomita kadhaa, na ndani yake mna ziwa. Katika maji yale ya giza wamo samaki wadogo wasioona. Ndugu zao wakaao katika vijito vya nje wana macho kamili. Lakini hawa wa pangoni, kwa kukaa gizani vizazi vingi, macho yao yamefifia na rangi yao imetoka.

MITI NA WANYAMA

Jina la Mlima wa Kijani humshangaza mgeni, maana kwa mbali mlima ni wa rangi ya kijivu. Lakini akipanda ataona miti. Kuna mzeituni wa mwitu, na mti huu ni wa namna ile ile iotayo katika milima ya Afrika ya Mashariki. Juu zaidi kuna mti ulio jamaa ya mwangati wetu. Hukua polepole mno, na mmoja aweza kuwa na umri wa miaka mamia. Wataalamu walioichunguza wameona kwamba sehemu za chini mingi inakauka, bali kule juu, penye baridi, ingali na afya. Katika mashamba ya ngazi ya Saiq watu hulima komamanga na mawaridi, na kila mwaka, Aprili na Mei, huchuma maua na kuyatokosa ili kupata marashi.

Mnyama mashuhuri wa milima ya Hajar ni mbuzi wa mwitu aitwaye tahri wa Uarabuni. Hapatikani mahali pengine duniani ila Oman na nchi jirani ya Falme za Kiarabu. Ni mfupi, mwenye nguvu, dume na jike wote wana pembe, na kwato zake hushika jabali lililosimama ambalo mtu hawezi kulipanda bila kamba. Wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na jina lake la kitaalamu lamkumbuka Dk. Jayakar, tabibu Mhindi aliyefanya kazi Muscat. Mwaka 2005 uchunguzi wa urithi ulionyesha kwamba yeye ni wa jamii yake peke yake, wala si ndugu wa karibu wa wale wa Himalaya waliofikiriwa kuwa ndugu zake.

Tahri hawezi kukaa bila maji kama swala wa jangwani awezavyo. Wakati wa joto sharti ashuke kunywa kila baada ya siku mbili tatu. Hapo ndipo penye hatari yake. Mbuzi wa kufugwa walioachwa ovyo mlimani humtangulia kwenye majani na kwenye visima, na wawindaji humngojea pale pale anywapo. Sasa wahesabiwa kuwa chini ya 2,500 tu. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Oman imelinda Wadi Sarin, katika milima hiyo ya Hajar, na iliwaajiri wenyeji wenyewe kuwa walinzi. Mwaka 2011 Jabal Akhdar nao ulifanywa hifadhi. Chui wa Uarabuni hakupata bahati hiyo. Zamani aliishi katika milima ya Hajar, lakini leo, katika Oman, amebaki upande wa kusini tu, Dhofar, ambako mlima mwingine wa chokaa, Jabal Samhan, ulifanywa hifadhi mwaka 1997.

MAJI YA WOTE KWA ZAMU

Sasa tuwatazame watu. Chini ya mlima wazee wa kale walichimba mifereji iitwayo falaji. Wakiwa wengi husema aflaji. Falaji ya namna moja huanza kwa kisima cha mama penye maji ya chini ya ardhi, kisha huchimbwa handaki jembamba lenye mteremko mdogo sana, hata maji yatoke yenyewe kwa uzito wake, pasipo mashine. Nyingine huchukua maji ya chemchemi au ya bonde. Falaji kama 3,000 zafanya kazi hata leo, na mwaka 2006 tano ziliandikwa katika Urithi wa Dunia, mojawapo ikiwa Falaji Daris ya Nizwa.

La ajabu kuliko uchimbaji ni utaratibu. Maji ya falaji kwanza ni ya kunywa watu wote, tajiri na maskini. Kisha hupita penye msikiti na mahali pa kuogea, kisha huenda kwenye mitende, na mwisho kwenye mashamba ya msimu. Kila mwenye shamba ana zamu yake, nayo hupimwa kwa wakati, si kwa ndoo: mchana kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota, ingawa siku hizi wengi hutumia saa. Yuko msimamizi aliyechaguliwa, na hesabu huandikwa. Maji yakipungua, zamu zote hupungukiwa pamoja, mtu asimwonee mwenzake.

MAFUNDISHO KWETU

Wasomaji wapenzi, twaweza kusema, “Habari hizi ni za jangwa, sisi Mungu ametupa mvua.” Ni kweli. Lakini chemchemi zetu nazo hujazwa kwa njia ile ile: mvua huingia ardhini juu kilimani, ndipo hutokea bondeni. Juu ya vilima vyetu, miti na majani makavu yaliyoanguka ndiyo yanayoyazuia maji yasikimbie, yapate nafasi ya kuzama. Mlima ukichomwa moto kila kiangazi na kukatwa miti kileleni, mvua hupiga udongo mtupu, huteremka kwa haraka na kuchukua udongo, na chemchemi hukosa chakula chake. Mtu wa bondeni hulaumu mwaka, na huku sababu iko juu ya kichwa chake.

Tena wachomao chokaa na wakumbuke kwamba tanuri hula kuni nyingi. Jiwe halipungui kwa upesi, lakini msitu hupungua. Apandaye miti ya tanuri lake ameilinda kazi yake mwenyewe, na wafuga nyuki wa Kibondo, ambao asali yao hutoka katika miombo, watamshukuru.

Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au wa ziwa. Lakini sheria iliyo katika karatasi hailindi chemchemi kama wanakijiji wenyewe hawakubaliani. Watu wa falaji hawakungoja askari wa kuwalinda. Walikaa pamoja, wakachagua msimamizi, wakaandika zamu, na desturi yao imedumu karne nyingi. Yatupasa nasi katika kila kijiji tujue idadi ya chemchemi zetu, nani azitunza, na kilima gani chalisha ipi. Kazi hiyo waalimu waweza kuianza na wanafunzi wao, na wazee waweza kuimaliza katika baraza. Maji yakimwagika hayazoleki.

MASWALI

1. Kwa nini juu ya mlima wa chokaa ni pakavu, na chini yake pana chemchemi?
2. Eleza sababu ya samaki wa Al Hoota kutokuona.
3. Mbuzi wa kufugwa humdhurije tahri?
4. Taja kwa utaratibu wake matumizi ya maji ya falaji.
5. Andika majina ya chemchemi zote za kijiji chako. Waulize wazee ni zipi zilizokauka, na juu ya vilima vyake palikuwa na nini zamani.